Tiketi ya onyesho la roki na riwaya ya dunia iliyo bapa kama sinia: nianzie wapi?

Binti Shangani aliuliza:

Assalaam aleikum ndugu zangu, na wakubwa wangu shikamooni.

Mimi ni mzaliwa wa Unguja, na huu ni mwaka wa tatu nikifanya kazi ya uuguzi hapa London. Wodini kwetu yupo mwenzangu, mama mtu mzima wa Kiingereza, ambaye tangu ujana wake amependa mambo mawili bila kuyachoka: kwenda kusikiliza muziki wa roki ukipigwa ukumbini, na kusoma riwaya za Terry Pratchett, mwandishi wa Kiingereza wa hadithi za kuchekesha, nyingi zikitokea katika dunia ya kubuni iliyo bapa kama sinia. Tulipomaliza zamu za usiku za mwezi uliopita alinikabidhi bahasha yenye tiketi ya ukumbi wa Brixton, na pamoja nayo kitabu kilichochakaa, kurasa zake zimegeuka rangi ya chai, kiitwacho *Soul Music*, kilichotoka mwaka 1994. Akaniomba nikisome kabla ya siku ya onyesho, kwa sababu kwake yeye kitabu na onyesho ni jambo moja.

Nimelelewa katika taarab. Najua kukaa kitini nikaungoja ubeti, najua kunyanyuka na kwenda kumtunza mwimbaji pale ubeti unapogusa jambo langu, na najua kutazama nani mwingine amenyanyuka na kwa nini. Roki siijui hata kidogo. Tiketi yenyewe ni ya kusimama, na mwenzangu ameniambia kwamba kuanzia milango inapofunguliwa mpaka taa zinapowashwa huenda zikapita saa nne. Mimi ni mfupi, ninavaa ushungi, na nimesikia habari za watu kusukumana mbele ya jukwaa. Sitaki kukataa heshima niliyopewa, lakini sitaki pia kwenda nikasimama ukutani kama mtu aliyekosea harusi.

Kuhusu kitabu, nimefika ukurasa wa sitini na bado sijacheka. Kiingereza chenyewe hakinishindi, kwa maana ninakiandika kazini kila siku. Tatizo ni kwamba nahisi kila mstari una mtu nyuma yake anayecheka, nami sijaambiwa anacheka nini. Isitoshe, mmoja wa wahusika wakuu ni Kifo mwenyewe, anayezungumza kwa herufi kubwa tupu. Kazini kwetu kifo ni jambo la kila wiki, na nimelelewa kulitaja kwa adabu. Nilipofika hapo nilikifunga kitabu kwa siku mbili. Naomba mwenye uzoefu wa mambo haya mawili, au hata moja, anisaidie.

Fundi Besi alijibu:

Waaleikum salaam dada yangu. Mimi nilipiga gitaa la besi katika bendi za hotelini Dar es Salaam kabla ya kuhamia Uingereza, na hapa nimeingia kumbi nyingi kama msikilizaji, Brixton ikiwamo. Nitasema ya ukumbini tu, maana ya vitabu wapo wanaonizidi.

Kwanza masikio yako. Wanaoshughulikia usalama wa wafanyakazi huhesabu kwamba sauti ya desibeli 85 mtu anaweza kukaa nayo kwa saa 8, na kwamba kila inapopanda kwa desibeli 3 muda huo hukatwa nusu. Fuata hesabu hiyo mpaka desibeli 100, kiwango ambacho maonyesho ya roki hukifikia kwa urahisi, utaona kwamba zimebaki dakika 15 peke yake. Kwa hiyo nunua vizibo vya masikio vya wanamuziki, vile vyenye kichujio ndani, ambavyo hupunguza sauti zote kwa uwiano mmoja badala ya kukuachia ngurumo na kukunyima maneno. Vipime nyumbani ukiwa umevaa ushungi, kwa sababu kitambaa kinachobana kinaweza kukisogeza kizibo kidogo kidogo mpaka kikatoka, nawe usijue mpaka umefika nyumbani masikio yakilia.

Pili, mahali pa kusimama. Ukumbi wa Brixton ulifunguliwa mwaka 1929 kama jumba la sinema, na sakafu yake imeinama kuelekea jukwaani. Hilo ni jambo kubwa kwa mtu mfupi, kwani aliyesimama nyuma yuko juu kidogo ya aliyesimama mbele. Tafuta meza ya fundi wa sauti, ile yenye vitufe na taa ndogo ndogo iliyo nyuma katikati, usimame karibu nayo. Fundi anapanga sauti kwa kadiri anavyoisikia yeye pale alipo, kwa hiyo ukisimama jirani naye unasikia kile alichokusudia. Huko mbele mara nyingi unasikia dramu na gitaa la upande wako tu, na mwimbaji anamezwa.

Kuhusu kusukumana: ni kweli, katika roki nzito hufunguka duara katikati ya umati, na vijana wakaingia humo kugongana mabega. Duara hilo lina mipaka yake, na aliye nje yake haguswi ila kwa bahati mbaya. Lina pia sheria moja ambayo sijawahi kuiona ikivunjwa, nayo ni kwamba mtu akianguka, wote walio karibu husimama na kumwinua kabla ya jambo lingine lolote. Nimeona jitu la miraba minne likisimama katikati ya vurugu likiwa limeinua juu miwani ya mtu, likizunguka kumtafuta mwenyewe. Ushungi wako hautamshangaza yeyote. Katika umati huo kila mtu amevaa kitu anachokipenda.

Tatu, usiende bure bure. Bendi kubwa zikiwa ziarani hupiga karibu nyimbo zilezile kila usiku, na orodha hupatikana intaneti siku inayofuata. Chukua nyimbo nne, jifunze viitikio vyake vikukae kinywani. Ukumbi wenye watu wanaokaribia 5,000 unapopokea kiitikio kwa pamoja, mtu asiyekijua anabaki mtazamaji, na anayekijua anakuwa mmoja wa waimbaji. Kula kabla ya kwenda, vaa viatu vilivyokwisha kukuzoea, koti liache kwenye chumba cha makoti. Bendi ya utangulizi usiidharau. Mara mbili nimerudi nyumbani nikiwa nimependa zaidi wale waliotangulia.

Kitabu, kwa maoni yangu, kisubiri mpaka baada ya onyesho. Ukikisikia kitu kwanza kwa mwili, mzaha wake utauelewa wenyewe.

Mwalimu Mstaafu, Tanga, alijibu:

Marahaba mwanangu. Ndugu Fundi Besi amekushauri vema katika kila jambo isipokuwa hilo la mwisho. Kisome kitabu sasa, kabla ya onyesho, kwa sababu kinaeleza jambo ambalo utalihitaji ukiwa pale: namna muziki unavyoweza kumwingia mtu ukamtumia.

Nilikutana na riwaya za Pratchett nikiwa masomoni Uingereza katika miaka ya 1990, nami pia sikucheka mwanzoni. Nilifanya kosa la kuanza na kitabu cha kwanza cha mwaka 1983. Vitabu vya dunia ile ni 41, cha mwisho kilitoka mwaka 2015 baada ya mwandishi kufariki mwezi Machi mwaka huohuo, na viwili vya mwanzo vinadhihaki riwaya za mapanga na wachawi ambazo sisi hatukuzisoma. Huwezi kuucheka mwigo wa mtu usiyemjua. Wewe umepewa kilicho bora kuliko hivyo, ila kina mzizi wake katika kingine kiitwacho *Mort*, cha mwaka 1987. Humo utamkuta Kifo akiwa na binti wa kulea, akimchukua kijana mmoja kuwa mwanafunzi wake wa kazi, na vijana hao wawili hatimaye wakaoana. *Soul Music* inapoanza, wawili hao wamekufa katika ajali ya gari la farasi, wamemwacha binti yao Susan akiwa shuleni, na Kifo, ambaye kwa kazi yake ndiye aliyekuwepo hapo, hawezi kuvumilia kumbukumbu. Anaiacha kazi, anakwenda kutafuta namna ya kusahau, na kazi hiyo inamwangukia mjukuu.

Kwa hiyo usimchanganye na Malaika tunayemjua katika dini. Huyu ni kiumbe wa hadithi anayetimiza wajibu bila chuki, asiyeua mtu yeyote bali huja mtu akishakufa, na ambaye kadiri anavyowatazama wanadamu ndivyo anavyoshindwa kutowapenda. Wewe uliyekaa kitandani mwa wagonjwa usiku wa manane una haki zaidi ya kumsoma kuliko sisi wengine. Nilimsoma tena mwaka alipofariki mama yangu, na yale maneno ya herufi kubwa, ambayo zamani niliyaona kama kelele, niliyasikia kama sauti ya mtu anayezungumza taratibu sana.

Sasa nikuoneshe kwa mfano mmoja namna mzaha wake unavyokaa. Katika jiji la Ankh-Morpork kuna kilabu cha pombe ambacho mwanzoni kiliitwa Ngoma Iliyopasuka. Kwa Kiingereza kitenzi cha kupiga ngoma ndicho pia cha kumshinda mtu. Ngoma iliyopasuka haipigiki, kwa hiyo haishindwi, na hilo ndilo tangazo la biashara. Kilabu kikaungua, kikajengwa upya, kikaitwa jina ambalo mimi ningelifasiri Ngoma Iliyowambwa Upya. Ni humo ndimo bendi ya riwaya yako inapopiga kwa mara ya kwanza. Hajakwambia cheka. Ameliweka jina mlangoni, akapita.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Kijana mpiga kinubi anaitwa Imp y Celyn. Ukilitoa jina hilo kwenye Kiwelisi ukalitia katika Kiingereza, unapata chipukizi la mti wa holly, na ukilitamka hilo unamsikia Buddy Holly, mwanamuziki wa Marekani aliyekufa kwa ajali ya ndege tarehe 3 Februari 1959 akiwa na umri wa miaka 22. Katika riwaya, uhai wa Imp ulipasa kukatika usiku uleule wa kwanza pale kilabuni, lakini muziki wenyewe ukamshika, ukawa ndio unaomwendesha, na ulikuwa na kusudi lake: ulimtaka afe baadaye, kijana, akiwa katika kilele, ili asisahaulike. Soma tena kurasa sitini zako ukijua hilo. Utaona kwamba chini ya mchezo wa jina pana kaburi la kweli, na swali la kweli kuhusu tunavyowapenda waimbaji wetu waliokufa mapema kuliko tunavyowapenda waliozeeka.

Mambo haya si mageni kwetu. Shaaban Robert alitupa Kusadikika, nchi inayoelea hewani, akamweka humo waziri aitwaye Majivuno na mshtakiwa aitwaye Karama, nasi tangu shuleni tulijua kwamba jina la mhusika ni nusu ya hoja. Mkono uleule ndio ulioandika wasifu wa Siti binti Saad. Na ile dunia ya Pratchett, bapa kama sinia, iliyobebwa na ndovu wanne waliosimama juu ya mgongo wa kasa anayeogelea angani, bibi yangu asingeishangaa, kwani yeye alitusimulia kwamba dunia imekaa juu ya pembe ya fahali, na akichoka huihamishia pembe nyingine, ndipo ardhi inapotikisika.

Umesema taarab unaijua. Basi unajua fumbo. Ubeti unaimbwa kwa maneno ya njiwa na kisima, ukumbi mzima unaelewa ni nani aliyesemwa, na mgeni anaona watu wanainuka na pesa mkononi asijue kwa nini. Humfundishi mgeni huyo kwa kumweleza kila fumbo. Unamkalisha jirani nawe, unamnong'oneza moja au mawili, mengine anayafungua mwenyewe. Soma kwa sauti, na tanbihi zile za chini ya ukurasa usiziruke wala usiziache mpaka mwisho. Zisome palepale nyota ilipo, kwani mara nyingi sentensi ya juu iliandikwa ili kuifikia tanbihi.

Binti Shangani alijibu:

Mwalimu, nakushukuru sana, na Mungu amrehemu mama. Sikujua kwamba Susan ni yatima wa namna hiyo. Nilidhani amechorwa mkali bila sababu. Nimerudi ukurasa wa kwanza. Nimefika pale jitu la mawe linapobadili jina na kujiita Cliff, na mwenzake akamwambia kwamba hakuna atakayedumu katika muziki kwa jina kama hilo. Nilimuuliza mwenzangu wa kazini, akanitajia Cliff Richard, ambaye alianza kutoa nyimbo mwaka 1958 na bado jina lake linajulikana na kila bibi katika wodi yetu. Hapo nilicheka, kwa mara ya kwanza, katikati ya chumba cha chai.

Fundi, vizibo nimenunua. Ulisema kweli kuhusu ushungi, cha kushoto kilitoka mara mbili, nimebadilisha kitambaa.

Mkazi wa Coventry alijibu:

Dada, nimesoma yote nikisubiri mtu amtaje jirani yako, nikaona hakutajwa. Jina ulilolichagua hapa ni la mtaa wa Mji Mkongwe ambao watalii huingia kila siku kumtafuta Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya roki iitwayo Queen. Alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akiitwa Farrokh Bulsara, mtoto wa Waparsi, na familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi. Kwa hiyo ukiingia Brixton usijione umeingia nyumba ya wageni kabisa. Mmoja wa watu waliowafundisha Waingereza namna ya kushika ukumbi alitoka vichochoro ulivyocheza wewe.

Nenda katazame picha za onyesho la Live Aid, uwanja wa Wembley, tarehe 13 Julai 1985. Queen walipewa muda mfupi, wakapiga kwa dakika zipatazo 21, mbele ya watu karibu 72,000. Katikati yake Mercury anasimama peke yake, bila gitaa wala dramu nyuma yake, anatoa sauti moja ndefu isiyo na neno, uwanja unaipokea. Anaikunja, uwanja unaikunja. Anaipandisha mpaka unadhani watashindwa, hawashindwi. Mtu aliyekulia penye kiitikio na mwitikio hahitaji kuelezwa pale kinachotendeka. Na ukisikiliza wimbo wao maarufu wa mwaka 1975 utasikia *Bismillah* ikiimbwa na kwaya.

Hapa ndipo vitu viwili vya mwenzako vinapokutana waziwazi. Pratchett aliandika pamoja na Neil Gaiman riwaya iitwayo *Good Omens*, ya mwaka 1990, ambamo shetani mmoja anaendesha Bentley ya zamani, na kaseti yoyote inayoachwa ndani ya gari kwa zaidi ya wiki mbili, hata iwe ya Bach, hugeuka kuwa mkusanyiko wa nyimbo bora za Queen. Waliokuwa na gari miaka hiyo wanajua kwamba mkanda huo ulikuwa ndani ya kila gari na hakuna aliyekumbuka kuununua. Mimi nilikijua kitabu kwa ajili ya kaseti hizo, wala si kinyume chake.

Ukishatoka Brixton ukataka onyesho la utulivu zaidi, watafute Steeleye Span, bendi iliyoanzishwa mwaka 1969 ambayo huchukua nyimbo za kale za vijijini na kuzipiga kwa gitaa za umeme. Pratchett aliwapenda kwa miaka mingi, wakapiga katika sherehe yake ya kutimiza miaka 60, na mwaka 2013 wakatoa albamu nzima iliyotokana na riwaya yake *Wintersmith*. Maonyesho yao huwa zaidi katika kumbi za viti, na mwenzako atafurahi ukimkaribisha wewe safari hii.

Binti Shangani alijibu:

Nimerudi kutoa taarifa, maana onyesho lilikuwa Alhamisi.

Tulisimama pale alipoelekeza Fundi, hatua tatu kutoka meza ya sauti, na kwa kweli niliona jukwaa lote. Bendi ilipoanza, sauti haikunijia masikioni. Ilipanda kutoka sakafuni, ikapita magotini, ikatulia hapa kifuani, na kwa wimbo mzima wa kwanza sikuweza kuitofautisha na mapigo ya moyo wangu. Mbele yangu alikuwa mwanamume mrefu mwenye ndevu na fulana iliyofifia. Aligeuka, akanitazama, akahamia kando bila kusema neno, na kila aliyejaribu kusimama katika nafasi ile alimwonesha kwa kidole kwamba nyuma yake yupo mtu.

Nilijua viitikio vitatu kati ya vinne. Katika cha tatu mwenzangu alishindwa kuimba. Mama huyu nimemwona akiwafunga macho marehemu na kuandika saa bila mkono kutetemeka, na pale alisimama amefumba macho, machozi yanashuka mpaka kidevuni, midomo inafuata maneno bila sauti. Wimbo ulipokwisha aliniambia kwamba aliusikia mara ya mwisho pamoja na mumewe. Kwetu ningenyanyuka nikaenda kumtunza mwimbaji kwa niaba yake. Nilimshika mkono, tukabaki hivyo mpaka waliporudi jukwaani kwa nyimbo mbili za mwisho.

Taa zilipowashwa sakafu ilikuwa imejaa vikombe vya plastiki, na ukivikanyaga vinalia kama majani makavu. Kitabu nilikimalizia ndani ya basi la usiku, ghorofa ya juu, kiti cha mbele. Mwalimu, ulisema kweli kuhusu ile sauti ya herufi kubwa.

Sasa naitafuta *Mort*. Kama yupo mwanajukwaa mwenye nakala ya ziada hapa Uingereza, hata iliyochanika jalada, naomba anijulishe. Gharama za posta nitazilipa mimi. Na Mkazi wa Coventry, Steeleye Span wakitangaza ziara yao, tafadhali uandike hapahapa, kwa sababu nimekwisha kumwahidi mtu.